Poda ya Viungo Niliyompelekea Jenerali

Vijana, tuelewane kwanza. Mkinipigia simu, niulizeni kama nimelala vizuri, niulizeni kama theluji imeondolewa mlangoni, niulizeni hata mambo ya siasa. Lakini acheni kuniuliza ni poda ipi ya viungo vya mnyama iliyo nzuri. Wiki iliyopita nimepokea simu tatu. Mmoja yuko Louisville, anasafisha mabanda ya farasi kama nilivyofanya mimi. Mwingine yuko Columbus, anamtunzia bosi wake paka. Wa tatu yuko hapa hapa Buffalo, mitaa miwili kutoka kwangu, na angeweza kuja kwa miguu. Wote wameuliza swali lilelile: "Babu, mnyama anachechemea, nimnunulie ile ya kopo la bluu au ile ya kijani?"

Hakuna aliyeniambia mnyama anachechemea mguu upi. Hakuna aliyeniambia kama ni mnene. Mmoja hakujua hata umri wake. Rangi ya kopo anaijua.

Ninakasirika, kisha nakumbuka kwamba swali hilo nimewafundisha mimi. Mimi Lazaro, Mrundi niliyelelewa kambi ya wakimbizi Tanzania na kumalizia sekondari huko huko, nimefanya kazi na wanyama au kwa ajili ya wanyama katika miji mitatu ya nchi hii ya Marekani, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa natangaza poda kuliko waliokuwa wanaiuza. Sasa nimestaafu, magoti yangu yenyewe yanalia nikipanda ngazi, na ninataka kuwaeleza habari za Jenerali, kwa sababu yeye ndiye aliyeumia kwa ujuaji wangu.

Jenerali ni mbwa mkubwa wa rangi ya mchanga, masikio yamelala. Watoto wa Muzee Sadiki walimchukua kwenye kituo cha mbwa wasio na wenyewe, wakakaa naye miaka miwili, halafu wakahamia Texas kufuata kazi wakamwachia baba yao. Sadiki ni Mkongo wa Uvira, mke wake alishafariki, anakaa ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao kule Lower West Side, hapa hapa Buffalo. Mwanzoni alisema mbwa ni wa inje na hawezi kulala anapolala mtu. Baada ya miezi sita mbwa alikuwa na blanketi lake pembeni ya kitanda, na Sadiki alikuwa akitafuta visingizio: "Ni baridi ya huku, Lazaro. Uvira angelala inje."

Kila asubuhi wawili hao walishuka ngazi kumi na saba, wakatembea mpaka mtoni, wakarudi. Huko njiani ndiko Sadiki alikosalimiana na watu, aliponunua mkate, alipopata habari za nani amezaa na nani amefukuzwa kazi. Bila mbwa hakuwa na sababu ya kushuka. Watoto wake walijua hivyo, nami nilijua. Miguu ya Jenerali ikiisha, Sadiki naye angebaki huko juu na televisheni. Ndiyo maana nililichukua suala la miguu ile kwa uzito mkubwa, nikaliharibu kwa uzito uleule.

Lakini mnipe nafasi nianzie Louisville, maana upumbavu wangu ulianzia kwa farasi.

Nilipofika Louisville nilipata kazi kwenye mabanda nje kidogo ya mji. Aliyenifundisha ni Ernesto, mzee wa Kimeksiko aliyekuwa na Kiingereza kidogo kama changu, kwa hiyo tulielewana. Kila asubuhi, kabla ya kugusa chakula, alipitisha kiganja kwenye miguu ya kila farasi, mguu kwa mguu, kutoka juu hadi kwenye kwato. Alikuwa akitafuta joto. Kiungo kinachoanza kuharibika mara nyingi huwa na joto au kimevimba kidogo kabla mnyama hajachechemea. Halafu alimtoa farasi nje akamwacha apige hatua kumi, akasimama kimya kumtazama. "Hizo kumi za kwanza," aliniambia. "Baadaye mwili unapata joto, mnyama anakudanganya." Kazi hiyo ilichukua saa nzima. Mimi niliona anapoteza wakati.

Kulikuwa na farasi jike mzee, rangi ya kahawia, ambaye mimi na Ernesto tulimwita Bibi. Mwenye farasi huyo alikuwa mwalimu mstaafu, mama wa Kizungu mwenye sauti ndogo, ambaye hakuwa akimpanda tena. Alikuja Jumapili mchana, akamtembeza kwa kamba, akamsomea barua zake, akaondoka. Bibi alianza kuwa mgumu kwenye kifundo cha mguu wa nyuma. Mama yule akaleta ndoo ya poda yenye picha ya farasi anayeruka uzio, akanikabidhi mimi kwa mikono miwili: kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni.

Basi nikawa mwenye dawa. Hamjui raha niliyoipata. Kambini, mtu wa zahanati alitupigia kelele kila siku: maliza dozi kwanza, ndipo urudi kulalamika. Wengine walikuwa wakiacha vidonge vya malaria siku ya pili, na yeye aliwafokea mbele ya watu wote. Sheria hiyo iliniingia kichwani ikakaa. Nikasema nitamaliza ndoo, kisha ndipo nitaangalia kama Bibi amepona. Ndoo ilikuwa ya miezi mitatu.

Ernesto aliniuliza, "Vipi mguu?"

"Yuko kwenye dozi."

"Sikuuliza dozi. Nimeuliza mguu."

Tena kulikuwa na daftari la banda, ambamo kila jioni tuliandika hali ya kila farasi ili wenye mali wasome. Nyinyi mlikuwa watoto, hamkumbuki tulivyofika nchi hii. Mbele ya bosi kila kitu kilikuwa kizuri. Ukiulizwa kazi ikoje, nzuri. Mgongo ukoje, mzuri. Tuliogopa kwamba anayeleta habari mbaya ndiye atakayeondolewa. Kwa hiyo mbele ya jina la Bibi niliandika "mzuri" kila jioni majira yote ya baridi, kwa mwandiko safi wa mtu aliyesoma.

Bibi hakupenda poda. Ilikuwa na harufu kama ya kaa waliokaa juani. Nikaichanganya na molasi, akala kidogo. Nikaongeza nafaka tamu, akala zaidi. Nikajipongeza. Siku moja Ernesto akapitisha vidole ubavuni mwa Bibi akitafuta mbavu, akazikosa. "Umemtia mafuta," alisema. "Sasa mguu uleule mbovu unabeba mzigo mkubwa." Kisha akainua ndoo ya kulia chakula niliyokuwa nimeiacha bila kuiosha vizuri, akanionyesha chini. Kulikuwa na tope la kijivu, limekauka, la unene wa kidole. Poda ilikuwa imechujika ikabaki chini. Bibi alikuwa akila molasi na nafaka, dawa ananiachia mimi.

Mnafikiri nilimwambia mama yule? Niliosha ndoo.

Mwezi wa Februari, asubuhi ya barafu, Bibi alilala akashindwa kuinuka. Daktari alikuja, akahangaika naye, mwishoni akamchoma sindano ya kumpumzisha milele. Alituambia kwamba kiungo kikishasagika namna ile hakirudi, poda au bila poda, lakini maumivu yale yangeweza kupunguzwa miezi mingi nyuma kama mtu angemwita. Mama yule aligeuka kwangu akauliza, "Ameanza kuumwa lini?"

Nikasema, "Leo."

Aliniamini. Alinishukuru kwa kumtunza. Ernesto aliniangalia, akachukua fagio akaenda upande wa pili wa banda, na tangu siku ile hakunifundisha kitu kingine chochote.

Sasa mtu mwenye akili angeachana na poda. Mimi nilijiambia kwamba poda ilichelewa. Ingeanzishwa mapema, kabla mnyama hajaumwa, Bibi angekuwa mzima. Mnaona jinsi mtu anavyoweza kutengeneza uongo wa kulalia? Nilihamia Columbus nikiwa na uongo huo, nikapata kazi kwenye kiwanda cha kupakia virutubisho vya wanyama, upande wa Hilliard. Nikaona Mungu mwenyewe amenipeleka.

Kiwandani tulijaza makopo. Poda ya mbwa, poda ya farasi, vidonge vya kutafuna vyenye ladha ya ini. Msimamizi wetu alikuwa Mama Neema, mwanamke wa Bukavu, mfupi, mwenye macho ya kuona kopo lililopinda kutoka upande wa pili wa ghala. Wakati wa mapumziko nilikuwa nikiwaeleza wenzangu habari za viungo, gegedu linalokaa kati ya mifupa, na kusagika kwake, kana kwamba nilisomea. Siku moja alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kopo mezani mbele ya chakula changu.

"Muzee, weye njo ulisoma sekondari. Nionyeshe penye bameandika kama inaponyesha."

Nikageuza kopo. Nikasoma upande mmoja, nikasoma wa pili. Neno kuponya halikuwapo. Imeandikwa inasaidia afya ya viungo.

"Inasaidia," nikasema.

"Kusaidia ni kitu gani? Mimi pia ninakusaidiaka kubeba makartoni. Unapona?"

Watu wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Nami nikacheka, nikaona amenitania tu. Ule ulikuwa ukweli wote, umewekwa mbele yangu pamoja na wali na maharage, nikala wali. Wanaotengeneza kitu hicho wanajua maneno gani hawawezi kuyaandika. Mimi niliyekuwa nabandika lebo ndiye niliyekuwa naongeza maneno yaliyokosekana.

Makopo yaliyobonyea hayakuuzwa, tuliruhusiwa kuyachukua. Na nyinyi mnajua sisi hatuingii nyumba ya mtu mikono mitupu. Wengine wakisafiri kwenda harusini au msibani walibeba mchele, vitenge, mafuta ya mawese. Mimi nilibeba poda. Kila aliyekuwa na mnyama, Louisville, Columbus, Buffalo, nilimkabidhi kopo kwa mikono miwili kama nilivyokabidhiwa mimi. Nilipokuja Buffalo kwa harusi ya mtoto wa rafiki yangu, nililala kwa Sadiki. Asubuhi niliona Jenerali akiinuka kwenye blanketi lake polepole, anatanguliza miguu ya mbele, ya nyuma inafuata baadaye. Nikafungua begi.

"Hii utampa kila asubuhi. Inaponya viungo."

Ndiyo. Nilisema inaponya.

Sadiki alinusa kopo akakunja uso. "Mbwa iko na miguu ine, mimi mbili, na zote mbili zinauma. Mbona yeye njo anapewa dawa?"

"Wewe ni mzee, yeye bado ana maisha."

"Aksanti, ndugu yangu. Unanibariki sana." Lakini kopo alilipokea, akaliweka juu ya kabati karibu na picha ya marehemu mkewe. Hakusahau hata siku moja. Watu waliopoteza vingi wanatunza sana kile wanachopewa, na nilipaswa kulijua hilo kabla ya kumpa.

Mwaka uliofuata binti yangu alipata kazi huku, nikahamia naye. Nikaajiriwa kwenye kliniki ya wanyama Amherst. Nilisafisha vizimba, nilishika wanyama mezani, na walipokuja watu wetu niliitwa kukalimani. Daktari wetu alikuwa msichana mdogo kuliko binti yangu, mwenye subira ya kunieleza jambo lilelile mara tatu. Siku ya kwanza nilipomwuliza kuhusu poda, alinijibu bila kucheka. Alisema mbwa wengi wanapewa, mara nyingi haiwadhuru, lakini kwamba inazuia kiungo kisiendelee kusagika, hilo hakuna aliyemthibitishia vya kutosha. Mafuta ya samaki aliyatumia kwa baadhi ya mbwa, kwa kipimo, akiona yanasaidia kidogo. Kinachosaidia zaidi, alisema, ni kupunguza uzito, kutembea kidogo kila siku badala ya sana siku moja, na dawa halisi ya maumivu anayoitoa daktari baada ya kumpima mnyama. Si vidonge vyenu vya kichwa. Hilo mlishike: vidonge vya maumivu vya binadamu vinaweza kuua mbwa, na paka vinamwua haraka zaidi.

"Watu wanapenda poda," aliniambia, "kwa sababu kumpunguzia chakula mnyama unayempenda ni kazi ngumu. Kumwongezea kitu ni rahisi."

Nilirudi nyumbani na basi, nikapita chini ya dirisha la Sadiki, taa inawaka. Nilipaswa kupanda. Sikupanda. Nilimwona siku iliyofuata, na Jumapili, na Jumapili nyingine. Alikuwa akinunua poda mwenyewe sasa, makopo yangu yalishaisha. Kila mara alisema, "Bado namupa ile yako," nami niliitikia kwa kichwa. Kwetu mtu hawezi kutoa zawadi kisha akaisema vibaya. Nilijificha kwenye desturi hiyo majira mazima ya baridi. Kule Louisville naweza kusema sikujua. Buffalo nilijua.

Jenerali alinenepa. Kila kijiko cha poda kilipanda juu ya ugali, na ugali ulipanda juu ya mabaki ya nyama ya mbuzi ili poda ipendeze. Mnakumbuka molasi? Sadiki aliivumbua upya bila kufundishwa. Kisha nikasikia kanisani kwamba Sadiki haonekani tena mtoni. Nilikwenda asubuhi nikamkuta katikati ya ngazi, jasho linamtoka kwenye baridi, amepitisha kitenge cha mkewe chini ya tumbo la mbwa, anamwinua nyuma ili miguu ya mbele ishuke. Mtu wa miaka sabini na mbili. Ngazi zina barafu.

"Sadiki, utaanguka!"

"Usipige makelele, utamuogopesha. Shika huku."

Tukashuka naye hivyo, mmoja mbele, mmoja nyuma. Tulipofika chini Jenerali alikojoa, akatazama mtaa, akakaa. Hakutaka kwenda popote. Sadiki akasema kwa sauti ya chini, "Nitaongeza vijiko viwili."

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilimwambia yote, pale chini ya ngazi, kitenge kikiwa mkononi. Poda haiponyi. Nilijua tangu mwaka jana. Nilinyamaza kwa aibu. Aliniuliza tu kliniki inafunguliwa saa ngapi.

Binti yangu alituendesha kwa gari. Daktari alipiga magoti sakafuni badala ya kumpandisha Jenerali mezani, akauliza kupitia kwangu: ameanza lini, na amepewa nini?

Sadiki alisimama wima kama mtu aliye mbele ya hakimu. "Umwambie hivi. Miaka mbili nilikuwa namupa poda kila asubuhi, sikusahau hata siku moja. Nilianza sababu huyu muzee mwenye anasimama hapa aliniambia inaponyesha. Donc, njo maana sikuenda kwa munganga, sababu nilikuwa na dawa. Alijua kama ni bongo, kama poda haiponyeshe, akanyamaza. Umwambie vile vile. Usikate."

Vijana, mkalimani anaweza kukata, na mimi nimewahi kukata. Mume na mke wakigombana mbele ya daktari, naacha matusi, napeleka maana. Ningeweza kusema, "Amempa poda kwa miaka miwili," na kila mtu chumbani angeridhika, na lingekuwa kweli. Nilifungua mdomo nikaona jibu hilo fupi limeshafika, safi kama mwandiko wangu kwenye lile daftari.

Nikasema kwa Kiingereza, "Mimi ndiye niliyempa poda. Nilimwambia inaponya. Kwa sababu yangu hakuja mapema. Wewe ulinieleza ukweli mwaka jana, sikumwambia." Kisha nikarudi nikatafsiri maneno yake moja moja.

Daktari aliandika kwenye faili. Sadiki aligeuka kwangu.

"Umesema yote?"

"Yote."

"Na kama ni weye njo ulinipa?"

"Hiyo ndiyo niliyoanza nayo."

"Bon, ni sawa," akasema. "Shika mbwa basi."

Nikamshika. Nilitafuta mbavu nikazikosa. Nilipitisha kiganja kwenye goti la nyuma, nikaona lilivyovimba, na Jenerali akageuza kichwa akanilamba mkono.

Alipewa dawa ya maumivu baada ya kupimwa damu, na chakula cha kupimwa kwa kikombe. Ngazi tuliziwekea vipande vya zulia. Sadiki alilia siku ya kwanza alipomnyima ugali, akanitukana kwa lugha tatu, lakini hakumpa. Mbwa amepungua. Anashuka mwenyewe, polepole, kitenge kimerudi kabatini. Wanafika mpaka kona ya duka la mikate, wanakaa kwenye benchi, wanasalimiana na watu. Mtoni hawafiki tena, na daktari amesema wasijaribu.

Sadiki anasema kona inatosha. Akisema hivyo anatazama barabara iendayo mtoni, hanitazami mimi.